Namna ya kuzuia kodi zako za programu zisilishwe AI, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila wiki. Vijana wa hapa Mwanga, Kigoma, wa Ujiji, mpaka wa Kasulu na Kibondo wananitumia meseji, "kaka nimezima Copilot, kodi zangu si ziko salama sasa?" Hapana mdogo wangu, Copilot ni msaidizi wa AI wa GitHub (tovuti ya kuhifadhia kodi), ulichozima ni kitu kingine kabisa, na nitakuonyesha ni kipi.

Na wengi mnaoniuliza hamuandiki vitu vya kuchezea. Kuna mifumo ya kurekodi dagaa kule mwaloni Kibirizi, ya maduka ya mawese, ya vikoba, ya mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira, na mteja kalipa hela yake. Kwahiyo naandika kwa mtu anayejua kupushi na kupulu tu, basi, hayo mengine tutaenda nayo pole pole.

Nadharia ni fupi. Kodi yako inafika kwa AI kwa njia tatu. Ya kwanza ni repo (folda la mradi wako mtandaoni) ya public, yaani iliyo wazi kwa wote, hiyo mtu yeyote mwenye roboti (programu inayopita mtandaoni ikikusanya kurasa) anaichukua, na Copilot yenyewe ilipotoka kwa majaribio Juni 2021 ilikuwa imeshafundishwa kwa kodi za public zikiwemo zile zilizoko GitHub, hakuna aliyepigiwa simu kuulizwa. Ya pili ni msaidizi wa AI aliyeko ndani ya edita yako, anaposoma faili ili akumalizie mstari. Ya tatu ni wewe mwenyewe unapokopi faili zima na kulipesti kwenye chatboti. Kila njia ina dawa yake, hakuna kitufe kimoja cha kufunga zote. Repo ya public ni dagaa walioanikwa pale Kibirizi, ukiwaacha wazi usije ukawauliza kunguru nani kawapa ruhusa.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Akaunti yako ya GitHub au GitLab unayoweza kuingia bila shida, pamoja na ile njia ya uthibitisho wa pili. Kama namba uliyosajilia ulishaitupa, anza na hilo kwanza.
- Git kwenye laptopu. Andika `git --version` kwenye terminali, ikikujibu namba uko sawa.
- Bando la kutosha. Repo ikiwa na picha nyingi itakula MB vibaya, subiri bando la usiku.
- Flashi au diski ya nje ya kuweka bakapu.
- Ruhusa ya mwenye mali. Kama kodi ni ya mteja au ya ofisi, usihamishe kitu kabla hujamwambia.
- Karatasi na peni. Sitanii, utaona kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua una nini

Ingia kwenye ukurasa wa repo zako, chuja zionekane za public peke yake, kisha ziandike kwenye karatasi kwa mafungu matatu: za wateja, zako binafsi, na zile unazotaka watu wazione ili upate kazi. Wengi wakifika hapa wanashangaa, unakuta mtu ana repo ya public ya zamani ya chuo yenye paswedi ya database ya watu.

Usisahau Gist, vile vipande vidogo vya kodi unavyobandika GitHub. Ile Gist wanayoiita secret sio private, mwenye linki yeyote anaisoma, haifichwi kwa kuingia na akaunti. Ukiwa na kitu cha mteja humo kifute au kihamishie kwenye repo ya private.

Na forki (nakala ya repo ya mtu uliyoiweka kwenye akaunti yako) nazo ziandike. Forki ya repo ya public huwezi kuibadili ikawa private, kitufe kitakukatalia. Nitaeleza cha kufanya huko mwisho.

Hatua ya 2: Bakapu kabla ya kugusa chochote

Tuseme repo yako inaitwa mizani-dagaa:

```
git clone --mirror git@github.com:jinalako/mizani-dagaa.git
```

Itakutengenezea folda ya `mizani-dagaa.git` yenye historia yote, matawi yote, tagi zote. Ukiifungua hutaona faili zako za kawaida, usishtuke, ndivyo ilivyo. Ikopi yote kwenye flashi. Kumbuka bakapu hii haibebi issues (orodha ya matatizo na kazi) wala maelezo ya pull request (maombi ya kuunganisha mabadiliko), hivyo vinakaa GitHub na sio ndani ya Git, kama ni muhimu vikopi pembeni.

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo hao hao wananipigia saa nne usiku.

Hatua ya 3: Zifanye private

GitHub: fungua repo, nenda Settings, baki General, shuka mpaka chini kabisa kwenye sanduku jekundu la Danger Zone, bonyeza Change visibility, chagua private, itakuuliza uthibitishe. GitLab: Settings, General, fungua sehemu ya Visibility, weka Private, hifadhi.

Kuna uvumi bado unazunguka kwamba private ni ya kulipia. Zamani ndiyo ilikuwa hivyo. Tangu Januari 2019 GitHub inatoa repo za private bure, mwanzoni mlikuwa mnaruhusiwa wenzio watatu tu, na kuanzia Aprili 2020 hata hiyo idadi ikaondolewa. Kwahiyo mtu akikwambia hana hela ya private mwambie aache kusoma maelekezo ya 2016.

Ila kuna vitu vitabadilika, vijue mapema:

Nyota na watu waliokuwa wanaifuatilia repo vinapotea, na ukiirudisha public baadaye havirudi. Forki ambazo watu walishazifanya zinabaki public huko kwao, hazifuati yako. Na kama ulikuwa na tovuti inayotoka kwenye repo hiyo kwa GitHub Pages na akaunti yako ni ya bure, tovuti inazimika. Hili la mwisho limewaumiza watu wenye tovuti za shule na makanisa, mchungaji anapiga simu Jumapili asubuhi tovuti haifunguki.

Jingine, na hili nasema wazi ili usije ukasema nilikudanganya: private inazuia kuanzia leo kwenda mbele. Kilichokaa public miaka mitatu huenda kiko kwenye maktaba kama Software Heritage ya Ufaransa, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kodi za public za dunia nzima, na GitHub wenyewe walipiga nakala ya repo za public tarehe 2 Februari 2020 wakaifukia kwenye mgodi kule Svalbard, kwenye barafu. Modeli (ule ubongo wa AI) iliyoshafundishwa nayo haisahau kwa sababu wewe umebonyeza kitufe. Hilo lisikukatishe tamaa, kodi unayoandika mwezi huu ndiyo yenye thamani kwa mteja wako.

Hatua ya 4: Setingi za Copilot, na hapa ndipo wote mnapochanganya

Bonyeza picha yako, Settings, halafu Copilot. Utakuta vitufe kadhaa, viwili ndivyo vinavyotuhusu.

Kimoja kinaitwa Suggestions matching public code. Vijana wengi wanaweka Block hapo wanadhani wamezuia kodi zao zisichukuliwe. Hapana. Hicho kinahusu mapendekezo unayoletewa WEWE, kwamba Copilot isikuletee kipande kinachofanana sana na kodi ya public ya mtu mwingine. Kizuri kuwa nacho, kinakuepusha na kesi za leseni, ila hakilindi hata mstari mmoja wa kwako.

Kingine ndicho chenyewe: kile kinachoomba ruhusa ya kutumia data zako kufundisha au kuboresha modeli. Maneno yake yamekuwa yakibadilishwa kwahiyo usitafute kwa kukariri, soma kila mstari wa sehemu ya faragha, chochote kinachosema training au improvement kizime.

Sasa elewa kitufe hiki kinatawala nini. Kinatawala kile kinachopita kwa Copilot wakati unaandika, yaani vipande vya kodi, maswali yako na majibu, hata kama repo yenyewe ni ya private. Hakitawali repo yako ya public. Kwenye ukurasa ule hakuna kitufe cha kuitoa repo ya public kwenye mafunzo ya AI, ukitafuta utakesha.

Na ni setingi ya mtu, sio ya repo. Mkiwa watatu mnaandika mfumo mmoja, wewe umezima na wenzio wawili hawajazima, ile faili yenye hesabu za mteja inapita kwa hao wawili kila wanapoifungua. Kaeni pamoja, kila mtu afungue laptopu yake, mzime mkiwa mnaonana. Kama kampuni inalipia Copilot ya Business au Enterprise, mkataba wake hauruhusu data zenu kufundishia, ila akaunti binafsi ni juu yako.

Hatua ya 5: Chatboti na edita

Kwa maoni yangu kodi nyingi za huku kwetu zinavuja hapa kuliko GitHub. Repo ni private, kila kitu kimefungwa, kisha kosa linatokea saa tano usiku, mtu anakopi faili lote la mistari mia nne na majina ya wateja na namba za simu ndani, anapesti kwenye chatboti ya bure, "fix this".

Vya kuzima:

ChatGPT, nenda Settings, Data controls, kile kilichoandikwa Improve the model for everyone, zima. Claude, Settings, Privacy, kuna cha kuruhusu mazungumzo yako kusaidia kuboresha modeli, zima. Gemini, tafuta sehemu ya Activity, zima. Cursor, washa Privacy Mode. Ukimaliza kwenye laptopu fungua na simu uhakikishe akaunti ni ile ile, maana wengine wana akaunti mbili na wamezima moja.

Na acha tabia ya kubonyeza kidole gumba juu au chini kwenye majibu. Kwa ChatGPT ukitoa maoni namna hiyo mazungumzo yale yanaweza kutumika kufundishia hata kama ulishazima kitufe.

Pamoja na kuzima, jifunze kusafisha kabla ya kupesti. Badala ya faili zima, toa sehemu yenye kosa tu na ubadilishe vya watu:

```
mauzo = [
    ("MTEJA_1", "0700000000", 45.5),
    ("MTEJA_2", "0700000001", 12.0),
]
jumla = sum(kilo for jina, kilo in mauzo)
```

Hapo kosa linaonekana vizuri tu (vitu vitatu kwenye mstari, umefungua viwili), na hakuna mama muuza dagaa ambaye jina lake limesafiri. Hii sio adabu tu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na jina na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi. Mteja akilalamika ni wewe utakayeulizwa.

Hatua ya 6: Toa siri zilizoko kwenye historia

Kufuta faili la `.env` (lile linalobeba paswedi na funguo) na kukomiti haitoshi, liko kwenye komiti za nyuma. Utaratibu ni huu, na usiugeuze:

Kwanza kabisa badilisha funguo zenyewe. Paswedi ya database, ufunguo wa API ya malipo, tokeni, vyote vitengeneze upya. Ufunguo uliokaa public hata kwa nusu saa uhesabu umeshaibiwa.

Pili, kloni upya repo kwenye folda mpya, sakinisha kifaa na usafishe:

```
pip install git-filter-repo
git filter-repo --path .env --invert-paths
```

Tatu, kifaa hiki kinaondoa `origin` (anwani ya repo yako ya mtandaoni) makusudi ili usipushi kwa bahati mbaya, kwahiyo irudishe ndio upushi:

```
git remote add origin git@github.com:jinalako/mizani-dagaa.git
git push --force --all
git push --force --tags
```

Wenzako wote waambie wafute folda zao na kukloni upya. Mmoja akipushi ya zamani, uchafu wote unarudi. Na ongeza `.env` kwenye `.gitignore` leo hii.

Hatua ya 7: Kuhama, kama unataka kuhama

Sio lazima. Kwa mtu wa kawaida private pamoja na hatua ya 4 na 5 inatosha. Ila kuna anayesema sitaki kazi yangu ikae kwa kampuni inayouza AI, na Microsoft ilishainunua GitHub tangu 2018, kwahiyo namuelewa.

Codeberg ni ya chama kisicho cha biashara kilichopo Berlin, Ujerumani, inatumia programu ya Forgejo, na haina bidhaa ya AI ya kukuuzia. Ila soma masharti: ni ya miradi huria, private wanavumilia kwa kiasi kidogo tu, usipeleke pale mfumo wa siri wa mteja wako. Ni mahali pazuri kwa lile fungu la tatu kwenye karatasi yako, la kuonyesha watu.

Kuhamisha kwa kutumia ile bakapu ya hatua ya 2 (kama ulisafisha siri kwenye hatua ya 6 ipige upya kwanza, ile ya zamani bado ina uchafu), kwanza tengeneza repo tupu huko, halafu:

```
cd mizani-dagaa.git
git push --mirror git@codeberg.org:jinalako/mizani-dagaa.git
```

Kisha kwenye folda yako ya kazi ya kila siku:

```
git remote set-url origin git@codeberg.org:jinalako/mizani-dagaa.git
git remote -v
```

Hiyo ya mwisho ni ya kuhakikisha. Ukitaka na issues zije, usitumie njia hii, tumia New Migration iliyoko kwenye alama ya kujumlisha pale Codeberg, bandika linki ya zamani na tokeni, itavuta yenyewe.

Kuhama hakufanyi public iwe siri. Roboti zinapita Codeberg pia, mpaka wameweka mlinzi anaitwa Anubis anayeipa brauza hesabu ya kufanya kabla ya kuingia, ndio maana wakati mwingine ukurasa unasubiri kidogo. Anapunguza, hamalizi.

Hatua ya 8: Seva yako mwenyewe

Hii ndiyo naipenda, na kwa mazingira yetu ina faida ambayo watu wa Dar hawaioni: haili bando. Chukua kompyuta kuukuu ya ofisini au Raspberry Pi, weka Linux, iunganishe na ruta, washa SSH, tengeneza mtumiaji anaitwa git, kisha kwenye hiyo kompyuta:

```
git init --bare /home/git/mizani-dagaa.git
```

Na kwenye laptopu yako, ukiwa Wi-Fi ile ile:

```
git remote add ofisi git@192.168.1.20:/home/git/mizani-dagaa.git
git push ofisi --all
```

Imeisha. Hakuna kampuni, hakuna masharti ya matumizi, intaneti ikikatika mnaendelea kupushi kama kawaida. IP ya hapo ni mfano, ya kwako utaiona ukiandika `ip a` kwenye ile kompyuta, na iombe ruta iifunge isibadilike. Mkitaka ukurasa wa kubonyeza bonyeza, wekeni Forgejo, halafu kwenye faili la `app.ini` chini ya `[service]` andika `REQUIRE_SIGNIN_VIEW = true`, hapo asiye na akaunti haoni chochote.

Ila umeme. Nunua UPS ndogo, na kila Ijumaa mtu mmoja akopi folda ya `/home/git` kwenye diski aende nayo nyumbani. Seva ikiungua na bakapu iko mezani pembeni yake hamjafanya kitu.

Hatua ya 9: Kama seva yako inaonekana kwenye intaneti

Weka robots.txt, faili la kuziambia roboti zisipite wapi, kwenye mzizi wa domaini:

```
User-agent: GPTBot
User-agent: ClaudeBot
User-agent: CCBot
User-agent: Google-Extended
User-agent: Bytespider
Disallow: /
```

Utaratibu huu ulianza 1994, ukaandikwa rasmi kama waraka wa kanuni za intaneti, RFC 9309, mwaka 2022, na tangu mwanzo ni ombi. Roboti yenye adabu inatii, isiyo na adabu inapita. Ukitaka kufunga kweli weka paswedi, au pitisha domaini yako Cloudflare, kuna kitufe cha kuzuia roboti za AI hata kwa mpango wa bure.

Na tafadhali, kuweka `robots.txt` ndani ya repo yako ya GitHub haifanyi kitu. Roboti inasoma ile ya mzizi wa github.com, ya kwako kwake ni faili kama mafaili mengine. Naikuta hii kwenye repo za watu karibu kila mara.

Hatua ya 10: Angalia kama ulishachukuliwa

Kuna hifadhi ya kodi za kufundishia AI inaitwa The Stack, ya mradi wa BigCode ambao kampuni za Hugging Face na ServiceNow waliuanzisha, na hao angalau walifanya uungwana: kuna ukurasa wao unaitwa Am I in The Stack, unaandika jina lako la GitHub inakuonyesha repo zako zilizomo, na chini yake kuna maelekezo ya kuomba zitolewe. Ukiomba zinatolewa kwenye matoleo yanayofuata. Makampuni mengi hayana hata ukurasa kama huo.

Makosa ninayoyaona sana

Kuandika "hairuhusiwi AI" kwenye README na kwenda kulala. Roboti haisomi README kutafuta ruhusa.

Kudhani leseni ni kufuli. Ukiweka leseni ya MIT umeshamruhusu kila mtu kutumia kodi yako, ilimradi abaki na tangazo la hakimiliki. Ukiacha bila leseni haki zote ni zako, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, ila kwenda kudai hiyo haki California ukiwa Kigoma ni habari nyingine. Wapo waandishi wa programu walioishtaki GitHub, Microsoft na OpenAI huko huko Novemba 2022, wenye mawakili, na haikuwa mteremko.

Kutengeneza akaunti mpya na kuiacha ya zamani wazi na repo zile zile public. Hii hata siijadili.

Ikigoma

*"Repository not found" baada ya kuweka private.* Repo ipo, ila Git haikujui. GitHub iliacha kukubali paswedi ya kawaida kwenye terminali tangu Agosti 2021, unahitaji tokeni au ufunguo wa SSH. Andika `ssh-keygen -t ed25519`, bonyeza enta mpaka mwisho, kopi kilichomo kwenye faili linaloishia na `.pub` (la `.pub` tu, lile lingine usimpe mtu) ukalibandike Settings, SSH and GPG keys.

*SSH inaning'inia, haijibu.* Mtandao mwingine unafunga poti 22, nimeliona kwenye Wi-Fi za wageni. Jaribu hotspot ya simu, au kwenye `~/.ssh/config` andika:

```
Host github.com
  Hostname ssh.github.com
  Port 443
  User git
```

*Kupushi mirror kunaleta "deny updating a hidden ref".* Hizo ni kumbukumbu za pull request ambazo GitHub haikubali ziandikwe. Matawi na tagi zako zimeshafika, angalia kwenye ukurasa kabla hujaanza kurudia na kumaliza bando.

*Forki inakataa kuwa private.* Usipigane nayo. Tengeneza repo mpya ya private iliyo tupu, pushi bakapu ya mirror humo, hakikisha kila kitu kipo, ndio ufute forki.

*Mwenzangu haoni repo.* Settings, Collaborators, muongeze. Atapata barua pepe na lazima aikubali, wengi wanasahau hapo.

*Tovuti imezima.* Weka faili za tovuti peke yake kwenye repo nyingine ya public, bila kodi za nyuma, au tumia Cloudflare Pages inayoweza kuvuta kutoka repo ya private. JavaScript inayofika kwenye brauza bado mtu anaisoma, kwahiyo hesabu za siri zibaki kwenye seva.

*Google bado inaonyesha repo yangu.* Ni matokeo ya zamani, mtu akibonyeza atakutana na 404. Yatatoka yenyewe baada ya muda.

*Mwajiri anataka kuona kazi zangu na zote nimezificha.* Chagua moja ndogo isiyo ya mteja, isafishe, iandikie maelezo mazuri, hiyo iache public ukijua kabisa italiwa. Kwa zile kubwa muongeze yeye kama collaborator kwa wiki moja, akishaangalia mtoe.